Lugha Iwe Sehemu ya Ada

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia umepata nafasi ya kusomea uzamili wa uhandisi Ujerumani, na najua hapo nyumbani wapo wanaotamani uondoke hata kesho. Nakuandikia kukuomba jambo ambalo huenda likakukera: usisafiri mwaka huu. Kaa mwaka mmoja zaidi, usome Kijerumani mpaka ufike walau kiwango cha B1, ikiwezekana B2, ndipo uende. Nakusihi usome sababu zangu zote kabla hujanijibu.

Kinachowavutia wengi kwenda Ujerumani ni habari kwamba masomo ni bure, na kwa sehemu kubwa habari hiyo ni kweli. Vyuo vingi vya umma havimtozi hata mgeni ada ya masomo, ila mchango mdogo wa kila muhula. Hata hivyo, si kila mahali. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye Stuttgart na Karlsruhe, tangu 2017 linawatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza mwaka 2024 kuwatoza wanafunzi wapya wa aina hiyo, kwa uzamili, kati ya euro 4,000 na 6,000 kwa muhula. Na pale pasipo ada, bado kuna kuishi. Kwa ajili ya viza, tangu Septemba 2024, mwanafunzi anatakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja. Kwa kawaida fedha hizo huwekwa kwenye akaunti ya zuio, nawe unachota 992 tu kwa mwezi. Jumla ya mwaka ni zaidi ya shilingi milioni 30. Ukoo ukichanga, pengine na kiwanja kikauzwa, zitapatikana kwa mara moja tu. Lakini uzamili ni miaka miwili, na wengi huipitiliza. Kibali cha ukaazi kikifika siku ya kuhuishwa, utaulizwa tena unaishi kwa fedha gani.

Utaniambia utafanya kazi, na sheria inakuruhusu: tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje anaweza kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Swali ni kazi ipi. Kazi za wanafunzi viwandani, zinazolipa vizuri na kumkomaza mtu katika fani yake, hufanyika zaidi kwa Kijerumani. Asiyekijua huishia maghalani, kwenye usafi wa usiku, au kusambaza chakula kwa baiskeli. Ni kazi za halali, wala sizidharau. Ubaya wake ni kwamba zinakula saa na usingizi ambavyo mtihani unavidai, na mitihani ya kule haina huruma. Mara nyingi somo zima hupimwa kwa mtihani mmoja wa mwisho, bila alama za majaribio ya katikati ya muhula za kukubeba. Ukianguka unarudia, lakini kozi nyingi huruhusu mara tatu tu. Ukianguka mara ya tatu katika somo la lazima, unafutwa chuoni, na kwa kawaida fani hiyohiyo huwezi kuisoma tena katika chuo kingine cha Ujerumani. Kibali chako cha ukaazi nacho kimetolewa kwa ajili ya masomo hayohayo. Kwa hiyo fedha, kazi, mtihani na kibali vinashikana, na lugha ndiyo unayoweza kuiimarisha ukiwa bado hapa.

Kozi yako inafundishwa kwa Kiingereza, nalijua hilo. Darasani Kiingereza kitakutosha. Lakini mkataba wa chumba, barua za bima ya afya na za ofisi ya wageni kwa kawaida huja kwa Kijerumani, ambayo ndiyo lugha ya ofisi za serikali kisheria. Ukihitimu, utapewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi ya fani yako. Viwanda vingi vya mashine kule ni vya ukubwa wa kati, viko katika miji midogo, na mafundi, wahandisi na wateja wake huzungumza Kijerumani. Mtu atakayeanza kujifunza salamu siku ya mahafali, hiyo miezi itamwishia mkononi.

Hoja yako yenye nguvu zaidi ni kwamba lugha hujifunzwa vizuri kwa wenyewe. Nakubali: sikio hufunguka kwa kusikia. Lakini kufika B1 kunadai mamia ya vipindi, na kule utavihudhuria huku euro 992 zinateketea kila mwezi na kazi za darasani zikikusubiri. Tena wanafunzi wa kozi za Kiingereza hukaa pamoja na kuzungumza Kiingereza jikoni na maktabani. Miaka miwili hupita hivyo kwa urahisi kabisa. Anza hapa, kwenye Goethe-Institut ya Dar es Salaam, ukila na kulala nyumbani. Ukifika kule na msingi, mtaa utakumalizia kazi. Bila msingi, utasikia kelele tu.

Hasara ya kweli ninaiona. Vyuo vingi havikuwekei nafasi, hivyo itabidi uombe upya, na hakuna anayeweza kukuhakikishia majibu. Wenzako nao watakutangulia mwaka. Hata hivyo, alama zilizokupatia nafasi hii hazifutiki, na mwakani zitakuwa na cheti cha lugha pembeni. Fedha za ukoo zikishatumika kule, hazirudi.

Nenda wiki hii ukaulize darasa la A1 linaanza lini na gharama yake ni kiasi gani, kisha uniletee maelezo yote. Ada ya kozi hiyo nitailipa mimi. Dada yangu, mama yako, niachie nizungumze naye mwenyewe.

Wako akupendaye,
Mjomba