Barua kutoka Uingereza: Jina lililorukwa Desemba 1906

Ndugu zangu wa nyumbani,

Ubaguzi mgumu kuupinga ni ule usioandikwa popote, na ushahidi wangu ni James Peters, Mweusi wa kwanza kuichezea Uingereza raga. Alizaliwa Salford mwaka 1879, baba yake akiwa mtu wa visiwa vya Karibi aliyecheza na simba kwenye sarakasi. Alilelewa katika vituo vya yatima, akasomea useremala, akapata kazi kwenye karakana ya meli za kivita Plymouth. Machi 1906 aliitwa timu ya taifa, Scotland wakachapwa 9-3 kwao Edinburgh. Siku chache baadaye akafunga trai Paris dhidi ya Ufaransa.

Oktoba mwaka huohuo Afrika Kusini walikuja ziarani. Walipomkuta Peters kwenye kombaini ya kaunti ya Devon walikataa kuingia uwanjani, hadi wakabembelezwa. Desemba, Uingereza ilipotoka nao sare ya 3-3 pale Crystal Palace, Peters hakuwemo kikosini. Wapo watakaosema wateuzi hubadili vikosi kila siku, na pengine kiwango chake kilikuwa kimeshuka. Hoja hiyo ingesimama kama asingeitwa tena. Lakini mwaka 1907 alicheza dhidi ya Ireland na Scotland, na 1908 dhidi ya Wales. Ni kiwango gani hicho kinachoshuka akija mgeni mmoja tu? Wengine watasema chama cha raga kilichompanga mechi tano hakiwezi kuitwa cha kibaguzi. Kumpanga pasipokuwa na mlalamikaji hakukuwa na gharama. Gharama ilipokuja, aliyeilipa ni Peters.

Baadaye, mwaka 1912, alifungiwa kwa madai ya kupokea malipo, akahamia raga ya kulipwa huko kaskazini. Kanuni ya kukataza malipo ilikuwa kali kwa seremala aliyekuwa amepoteza vidole vitatu kazini, ila ilikuwa imeandikwa, na mtu aliweza kuisoma na kuibishia. Mwaka 1906 hapakuwa na cha kubishia, kwa sababu jina lilirukwa tu. Mweusi aliyemfuata katika timu ya Uingereza, Chris Oti, alicheza mwaka 1988, miaka 80 baada ya mechi ya mwisho ya Peters.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoteua timu huko nyumbani, ziwe za raga, soka au riadha: mkimwacha mtu, andikeni sababu na mzitangaze.

Wenu wa ughaibuni.