Mnyonge Mnyongeni: Maillu na Haki ya Kusomwa

Katika semina zetu jina la David Maillu hutajwa aghalabu ili lipitwe. Hutiwa katika kapu la fasihi pendwa, kisha mjadala ukaendelea kwa waandishi wanaodhaniwa kuwa wazito. Nimefundisha riwaya kwa miaka kadhaa, na naona kuwa upuuzaji huu unaigharimu taaluma yetu.

Maillu alizaliwa Ukambani mwaka 1939, na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kujisomea. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, jijini Nairobi. Mnamo 1973 zilitoka Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle. Mwaka uliofuata ikatoka After 4.30. Vilikuwa vitabu vidogo vya bei nafuu, navyo vilinunuliwa kwa wingi. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku kazi zake.

Shutuma kuu dhidi yake ni uchi wa lugha, na shutuma hiyo ina msingi. Hata hivyo, wahakiki walioishia hapo hawakuichunguza fani. Saa kumi na nusu jioni ndiyo iliyokuwa saa ya kufungwa ofisi, After 4.30 yamtazama mhazili katika saa ambayo mamlaka ya mkubwa wake yangepaswa kukoma, nayo hayakomi. Maillu alimwacha mwanamke huyo aseme mwenyewe, kwa mistari mifupi ya shairi huru ambayo msomaji aliyechoka na kazi angeimudu.

Udhaifu wake nauona kwingine: ni mhubiri mno. Jonathan Kinama, mhusika mkuu wa Unfit for Human Consumption, hufuja mshahara na utu wake mjini, hatimaye akajitia kitanzi. Adhabu hiyo humfikia kwa amri ya mwandishi zaidi kuliko kwa mantiki ya visa.

Aidha, huyu si mwandishi wa aina moja. Without Kiinua Mgongo (1989) huchanganya Kiingereza na Kiswahili, jambo ambalo mwanaisimujamii hawezi kulifumbia macho. Broken Drum (1991) ina kurasa zaidi ya elfu moja.

Comb Books haikudumu hadi miaka ya themanini. Nakala yangu ya After 4.30 niliinunua kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu kando ya barabara. Ukurasa wake wa kwanza una majina ya wamiliki watatu, kila moja kwa wino wake. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alipotaka kuitafiti, ilibidi aazime nakala hiyohiyo, kwani rafuni hakuikuta. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tusipozikusanya nakala hizi sasa, historia ya msomaji wa Kenya wa miaka ya sabini itaandikwa kutokana na vitabu alivyotahiniwa shuleni, huku vile alivyovinunua kwa shilingi zake mwenyewe vikiwa vimepotea.