Nyota Yenye Pembe Tatu

Neno "imepotoka" halimsaidii fundi. Laweza kumfaa mshairi anayesaka vina, lakini mbele ya darubini ya kioo ni neno tupu, kwa kuwa taswira hupotoka kwa namna nyingi na kila namna ina chanzo chake. Nyota ikiota mkia upande mmoja, vioo havijalingana. Ikitetemeka kama inayochemka, lawama ni ya hewa. Ikirefuka kama punje ya mchele, huenda kioo kikuu kina kasoro, au jicho la mtazamaji lenyewe.

Hilo la jicho ndilo lililoninyima usingizi Desemba iliyopita. Darubini niliiunda kwa mikono yangu, kioo cha milimita 150 ndani ya bomba la mbao, na mwaka mzima ilinionyesha nyota kama vitone. Baada ya mvua za vuli, vitone vikatoweka. Mtu wa umri wangu, aliyesahihisha madaftari kwa taa ya chemli, hushuku macho yake kwanza.

Chuo cha ualimu kilinifunza kumwuliza mwanafunzi anaona nini kabla ya kumweleza anachopaswa kuona. Nikampisha mjukuu wangu.

"Babu, mbona nyota ni sambusa?"

Sambusa! Istilahi zote nilizozikusanya hazikunena wazi hivyo. Nikaivuta lenzi ya jicho nje kidogo ili nyota ifumuke. Pembe tatu zilikuwapo. Nikainamisha kichwa: hazikukifuata. Tukaliviringisha bomba juu ya kitako chake: zikazunguka pamoja nalo. Jicho likaachiwa huru.

Kioo kikuu hushikwa na vishikizo vitatu. Unyevu ulizifurisha mbao, vishikizo vikakifinya (kubana, kuminya, kubinya, yote yapo, lakini kwa ncha ndogo kama zile nachagua kufinya). Kioo, pamoja na ugumu wake, kikibonyea hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, nyota hulalamika. Nikalegeza skrubu hadi karatasi ikapita kati ya kishikizo na kioo, nikavilinganisha vioo upya, tukangoja nusu saa kipoe.

Kisha tukaielekeza darubini kwenye Kilimia. Mjukuu akahesabu nyota hadi 31, akanikanya nisimsemeshe, asije akapoteza hesabu.