Je, Mashine ya Bibi Yamfaa Bingwa?

Msomaji mpenzi, je, nyumbani kwako umepata kuwako ugomvi wa baba na mwana juu ya mchezo? Kwangu ulikaa karibu miaka mitatu, nami nataka nikusimulie.

Sisi twakaa Uingereza. Mwaka 2008, Noeli ilipokaribia, nilinunua mashine ya michezo iitwayo Wii. Kampuni ya Nintendo iliyoitengeneza si ya jana. Ilianzishwa mjini Kyoto, Japani, mwaka 1889, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karata. Wii yenyewe ilitoka mwaka 2006, na maarifa yake yote yalikuwa katika rimoti. Hukuwa na haja ya kujifunza vitufe vingi. Ulipunga mkono kama mtu apigaye tenisi, na yule wa kwenye televisheni akapiga. Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Yeye ambaye hata simu humshinda, alicheza ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito na kuangusha vigingi, akatushinda sote. Alivua kanga ya begani, akaiweka kitini, akasema, “Haya, mwingine aje.”

Kijana wangu alikuwa na umri wa miaka 15. Alitazama, akaguna. “Baba, hii ni ya bibi na watoto.” Akanieleza kwamba mashine za wenzake, PlayStation 3 na Xbox 360, zilitoa picha safi mno, na hii yetu picha yake ilikuwa ya kizamani. Mimi sikusikia habari ya picha. Nilisikia mtoto akidharau jasho langu, maana fedha ile niliipata kwa kazi ya usiku. Basi akaweka akiba ya ujira wake wa kugawa magazeti, akanunua mashine nyingine, akajifungia nayo chumbani. Tangu hapo tulisalimiana tu mezani.

Sasa nakiri kwamba hakusema uongo. Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 100, lakini michezo mingi mikubwa ya siku zile haikuletwa kwake, kwa kuwa nguvu zake zilikuwa chache. Hata hivyo bingwa hakuachwa njaa kabisa. Super Mario Galaxy ya mwaka 2007 ni kazi ya ufundi mkubwa, hata wasiopenda Nintendo waliisifu.

Halafu ikaja Xenoblade Chronicles. Huko Japani ilitoka mwaka 2010. Wamarekani walikawizwa hata wapenzi wake wakafanya kampeni ya kuidai, wakaipata mwaka 2012. Sisi tuliipata Agosti 2011, mwezi mmoja kabla kijana hajaondoka kwenda chuo kikuu. Alfajiri moja nilirudi kazini nikamkuta sebuleni, ameifuta Wii vumbi, macho mekundu. Nilishika waya niuchomoe. Akasema, “Baba, kaa kidogo.”

Sijui kwa nini nilikaa. Akanionyesha kwamba watu wale waliishi juu ya mwili wa jitu lililokufa limesimama, na mbele yao jitu la pili, adui. Viungo vya jitu lile vilikuwa mabonde na milima. Alisema mchezo wataka saa 60 na zaidi kuumaliza. Alizungumza nami mpaka mama yake akaamka kupika chai. Naam, kijana yule yule aliyekuwa akinijibu “ndiyo” na “hapana” tu.

Wii U iliyofuata mwaka 2012 haikupata watu. Ziliuzwa milioni 13 na nusu hivi. Lakini Switch ya mwaka 2017, ichezwayo kwenye televisheni au mkononi garini, ilirudisha jamaa na mabingwa pamoja. Siku ile ile ilipotoka ilitoka na Zelda, Breath of the Wild, ambayo hakuna bingwa aiitaye ya watoto. Hata The Witcher 3, mchezo mzito wa watu wazima, uliingia humo mwaka 2019, ingawa picha ilibidi ipunguzwe. Hapo ndipo kasoro ya kale ilipobaki. Atakaye michezo yote, kwa picha bora, siku ya kwanza, Switch pekee haikumtosha. Atakaye michezo michache iliyofikiriwa vizuri, ilimtosha, ila aweke fedha tayari, kwa maana michezo ya Nintendo yenyewe ni shida kushuka bei.

Mwezi Juni 2025 ilitoka Switch 2, yenye nguvu zaidi. Kijana, ambaye sasa ana mtoto wake wa kike, alinipigia simu juu yake. Tulibishana nusu saa kama anunue au angoje. Mwishowe akauliza kama ile Wii ingali stoo. Ipo, nikamwambia, ila rimoti moja haina kifuniko cha betri. Akasema atakuja Jumamosi na mtoto, nimtafutie utepe wa kubandika.