Njia ya Kuzunguka hadi Kamango

Kutoka Butembo kwenda Kamango njia fupi ipo: unashuka Beni, unapita Mbau, unavuka mto Semuliki, umefika. Ni barabara ileile ambako jioni ya 7 Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania waliuawa kambini mwao. Familia ilinikataza nisiipite. Basi safari yangu ya kwanza Watalinga, eneo ilipo Kamango, ndani ya wilaya yetu wenyewe ya Beni, ilinipeleka hadi Uganda kupitia Kasindi: Kasese, Fort Portal, halafu Bundibugyo, hadi mpaka wa Nobili. Ruwenzori ilikuwa mkono wa kushoto tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilimpelekea yaya yangu, dada yangu mkubwa, jiko la gesi, la kupikia chai na makemba sokoni. Kipande cha mwisho motari alilifunga nyuma kwa kamba, vumbi likatufunika sote watatu. Kamango kuna joto kuliko kwetu, na kakao imeanikwa juu ya maturubai kila ua.

Tulipounganisha mtungi, upande wa kushoto uliwaka, wa kulia ukakataa. Hapo mtungi na mpira havina kosa. Ugonjwa uko kulekule kunakokataa. Tulijaribu kwa kiberiti badala ya kiwashio: kimya, hata mvumo wa gesi hausikiki. Tulifunga mtungi, tukafungua mlango na kungoja, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni.

Chini ya kifuniko kuna kitundu cha shaba kinachopitisha gesi, chembamba kama unywele. Kilikuwa kimezibwa na vumbi. Yaya alitaka kuleta sindano.

“Hapana yaya, chuma kitakipanua, moto utakuwa wa manjano na sufuria zitajaa masizi.”

Tulichomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme, tukakizibua taratibu. Bomba lake nalo tulilichungulia, maana buibui hupenda kutaga humo. Kifuniko tukakiosha, tukakikausha, tukakirudisha kikalala sawasawa. Povu la sabuni kwenye maungio ya mpira halikutoa hata kiputo kimoja. Moto ukawaka wa buluu.

Nasisitiza haya kwa sababu baadhi ya miti ya makaa ya Beni na Butembo hukatwa Virunga, mbuga iliyohifadhiwa tangu 1925. Mama aliyegharamia gesi hadi huku asirudishwe kwenye makaa na punje ya vumbi. Kesho yake jirani alileta jiko lake, lililokuwa limetupwa chini ya kitanda. Yaya ndiye aliyelifungua.