Kijiji Kilichokubali Kusahau

Kuna gemu moja ya Kijapani ambayo watu bado wanaisubiri. Inaitwa Mother 3. Ilitoka Japani tarehe 20 Aprili 2006 kwa ajili ya Game Boy Advance, kale kamashine ka kushika mkononi. Kabla ya hapo ilishakwama: mwaka 2000 Nintendo walitangaza kuiacha ile waliyokuwa wanaitengenezea Nintendo 64. Mpaka leo haijatoka rasmi kwa Kiingereza. Mwaka 2024 waliiweka kwenye Switch, lakini Japani tu. Mashabiki wa Marekani na Ulaya wanalalamika kweli kweli. Sisi hapa tunacheka kidogo, maana kusubiri tunakujua.

Wengine walichoka wakaitafsiri wenyewe, bila malipo, wakamaliza 2008. Hiyo ndiyo iliyofika kwenye simu yangu; ilifikaje, tusiulizane. Kituoni tuliicheza jioni, wakati moto wa sola bado upo, vijana kama tisa juu ya kioo kimoja kilichopasuka. Mimi nasoma Kiingereza, naitoa kwa Kiswahili.

Aliyeitunga ni Shigesato Itoi, mtu aliyejulikana kwa kuandika matangazo ya biashara. Kijiji kinaitwa Tazmily. Mwanzoni hakuna pesa, watu wanapeana tu. Halafu mama wa mapacha wawili, Lucas na Claus, anakufa, na hapo kituo kizima kilinyamaza.

Anayetaka kuicheza mwenyewe aruke hapa. Karibu na mwisho kuna Leder, mtu mrefu kupita wote, asiyesema neno. Siku hiyo anafungua mdomo. Anasema watu wa Tazmily walikuja na meli nyeupe, dunia yao ilikuwa imeisha. Walipofika kisiwani walikubaliana kumbukumbu zao zitolewe, zifichwe ndani ya yai, waanze kijiji kipya kama vile hawajawahi kuishi kwingine. Leder peke yake aliachiwa za kwake.

"Kumbe ni wakimbizi," akasema binti mmoja.

Mimi nilikuwa nimeimaliza mara mbili na sikuliona hilo! Ubishi ukaanza. Kijana mmoja akasema yeye angetoa zake zote jioni ile ile. Binti akamuuliza, "Hata jina la bibi yako?" Akajibu, "Hata yeye." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Mimi niliingia kambini nikiwa na miaka minne. Mto tuliovuka siukumbuki. Mama anaukumbuka, na kila nikimuuliza ananituma maji. Kwa miaka mingi nilimkasirikia, nikiona amekalia kitu changu. Wakubwa wa Tazmily walikubaliana wao kwa wao, sawa. Watoto nani aliwauliza? Lakini sikuwa nimewahi kumfikiria Leder, kwamba kukumbuka peke yako nako ni kazi.

Usiku ule nilimsimulia mama kama hadithi, sikusema ni gemu. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akatupa jiwe moja nje.

"Huyo mrefu," akasema, "usiku alikuwa anaongea na nani?"

Nikamwambia hadithi haisemi. Akasogeza ungo katikati yetu, nikaanza kuchambua na mimi.