Wa Tatu

Kijiji cha Yangdong kiko nje kidogo ya mji wa Gyeongju, Korea Kusini. Nilifika huko Jumapili moja na mwanafunzi mwenzangu Mkorea, kwa basi la kawaida tu. Nyumba zimepanda kilima: za mabwana ziko juu, zina mapaa ya vigae, za waliokuwa watumishi wao ziko chini, zimeezekwa kwa nyasi. Na si makumbusho. Nilipita mlango mmoja nikasikia mtu anaosha vyombo.

Koo mbili, Son na Yi, zimeishi hapo zaidi ya miaka 500, zikioana. Nyumba kuu ya akina Son inaitwa Seobaekdang, na uani mwake kuna mti mzee wa jamii ya mtarakwa. Tukiwa chini yake mwenzangu akanisimulia. Eti ilitabiriwa kwamba watu wakuu watatu watazaliwa ndani ya nyumba ile. Wa kwanza akawa Son Jung-don, afisa wa serikali. Wa pili akawa Yi Eon-jeok, mwanafalsafa, aliyezaliwa 1491. Shida ni kwamba huyo alikuwa Yi. Mama yake ndiye alikuwa binti wa Son. Akina Son wakaona bahati yao imetoka na binti! Tangu hapo, husemwa, binti aliyeolewa hakuruhusiwa tena kujifungulia pale, wa tatu asije akawa wa ukoo mwingine.

Mwenzangu alicheka. Mimi nilijaribu.

Mimi nilizaliwa kwa babu mzaa mama. Nilichunga mbuzi wake, na miguu yake ilipokataa, nilimshika mkono hadi chooni. Siku mbili baada ya mazishi, masufuria ya wageni hata hayajarudishwa, mjomba akamwambia mama, "Dada, mtoto huyu ana kwao." Kwao wapi? Baba mwenyewe simjui.

Jioni tulirudi Gyeongju, tukasimama mbele ya Cheomseongdae, mnara wa mawe wa kutazamia nyota. Ulijengwa enzi za Malkia Seondeok, aliyerithi kiti cha baba yake mwaka 632. Nikampigia mama simu. Kwake ilikuwa adhuhuri. Nikamsimulia yote, malkia na mti na wale watu wawili.

"Na wa tatu?" akauliza.

"Bado wanamngoja."

Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimekula.